Swali Ambalo Mkwe Hawezi Kuuliza

Ninyi mnaobaki pale hospitalini Baraka mliniomba niandike niliyojifunza kwenye wodi ya upasuaji kabla sijayasahau. Kusahau si shida yangu. Shida yangu ni kwamba nakumbuka vizuri mno, hasa matumbo. Basi nitaandika juu ya utumbo uliofunga, kwa sababu ndio ugonjwa ulionitia woga tangu siku yangu ya kwanza hadi siku niliyorudisha funguo za kabati. Funguo nilizirudisha. Woga bado ninao.

Kabla ya kuwa muuguzi nilikuwa mtoto wa soko. Mama yangu aliuza ndakala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na alinifundisha mambo mawili tu: bei ya kwanza si bei, na kila fungu huhesabiwa mara mbili, mara moja mnunuzi akitazama na mara ya pili akitazama pembeni. Shule ya uuguzi ilinifundisha mengi zaidi ya hayo, lakini hayo mawili ndiyo yaliyonisaidia mara nyingi. Mgonjwa akikuambia jambo, hiyo ni bei ya kwanza.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Wilondja, mkuu wa wauguzi wa upasuaji, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambayo sisi wanafunzi tulisema aliyaotesha kwa kusikiliza matumbo. Alinipeleka kwa mzee mmoja mfugaji aliyeshushwa kwa machela kutoka Bibokoboko. Mzee alikuwa anatapika maji ya kijani, tumbo limevimba, na kila baada ya muda alijikunja, akasaga meno, kisha akalegea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipima joto, nikahesabu mapigo, nikayahesabu tena. Nikajiona nimemaliza.

“Ulishamuvua?” akauliza Papa Wilondja.

“Nguo, Papa?”

“Hapana, samaki. Nguo, ndiyo!”

Mzee alishikilia blanketi lake kwa mikono yote miwili. Hakutaka binti amwone. Papa Wilondja alinigeuza nitazame ukuta, akaongea naye kwa sauti ya chini kama watu wawili wanaoelewana bei ya ng’ombe, kisha akanigeuza tena. Kwenye kinena, palipojificha chini ya blanketi, kulikuwa na uvimbe mgumu kama embe bichi. Ilikuwa ngiri, na utumbo ulikuwa umenaswa ndani yake. Mzee alipanda milima na kushuka milima nao kwa miaka, akiuficha hata kwa mke wake.

Alipasuliwa siku ile ile akapona. Mimi nilibaki na maneno ya Papa Wilondja, ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana sikuwahi kupata bora zaidi: “Anatapika. Anavimba. Maumivu inakuja inaenda. Choo haitoke, hewa haitoke. Ukikuta hizo alama ine, mama, usiulize tena jina ya ugonjwa. Tafuta kovu, tafuta ngiri, kisha weka sikio.”

Alinifanya niweke sikio kweli. Tumbo lililofunga hupiga kelele mwanzoni, kelele nyembamba za juu, kama maji yanayosukumwa kwenye bomba lililoziba. Nilishtuka. Yeye akacheka.

“Hii ni muzuri. Tumbo yenye kupiga makelele ingali inapigana. Siku itanyamaza, weye njo ukimbie.”

Miaka yangu ya mwanzo, kazi ilikuwa ni vitu vitatu: mpira wa pua, seramu, yaani maji ya mshipani, na subira. Mpira unapita puani hadi tumboni ili kile kilichokwama kipate kupanda juu badala ya kupasua. Mfuko wa kupokea maji hayo ulipokosekana tulifunga glavu mwishoni mwa mpira, na glavu hujaa vidole vikisimama, mgonjwa akaonekana kama anasalimiwa na mtu aliye chini ya kitanda. Msicheke, mtafika huko. Seramu inarudisha maji ambayo mgonjwa ametapika, na mkojo ndio unaokuambia kama imetosha. Subira ni ngumu kuliko vyote. Utumbo ulioshikwa na makovu ya zamani mara nyingi hujifungua wenyewe ukipumzishwa. Mara nyingine haujifungui, unaoza ukiwa ndani, na mtu huyo huyo uliyekuwa unamsubirisha kwa wema ndiye unayemuua kwa wema.

Na mjue wanafikaje kwetu. Tumbo likiuma, nyumba nyingi za huku huanza na lavema, dawa ya kusukumwa kwa chini: mpira mdogo wenye umbo la peya, majani yaliyopondwa, na pilipili kama bibi ana haraka. Mtoto mmoja wa Lweba aliletwa baada ya lavema mbili na dawa ya minyoo juu yake. Minyoo ilikuwa imejiviringa utumboni kama mpira wa kamba. Dawa ya minyoo ni ya tumbo linalopitisha. Lile halikuwa linapitisha. Mtoto yule alikufa daktari akiwa bado anaosha mikono, na mama yake aliuliza mara nyingi kama wangeweka pilipili kidogo zaidi ingefaa. Tangu hapo nikisikia mpira wa peya unasifiwa sokoni, naondoka na ununuzi wangu nauacha.

Papa Wilondja alistaafu, akaniachia kipimio chake cha kusikilizia kifua na tumbo, chenye bomba lililofungwa plasta. Baadaye ilifunguliwa kambi ya wakimbizi wa Burundi kule Lusenda, na matumbo yakaanza kuja na lugha nyingine. Hapa ndipo ninapotaka kukaa nanyi kidogo, kwa Mama Esperance.

Aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kikwembe, kitenge chake, katikati ya dereva na mwanamke jirani ili asidondoke. Baada ya muda mrefu akaingia kijana kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza yeye ni nani.

“Miye Ezekieli. Ni mabukwe yangu,” akasema, yaani mama wa mke wake. Mke wake, Esperance, alikuwa amejifungua juzi tu na hakuweza kutoka kambini. Jirani alikuwa na watoto, akarudi na pikipiki ile ile. Ezekieli akabaki kuwa garde-malade, mlinzi wa mgonjwa, ndugu wa kupika, kufua na kukaa karibu na mgonjwa. Ila yeye hakukaa karibu. Alikaa nje, chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta.

Mama Esperance alikuwa na kovu refu la upasuaji wa uzazi, tumbo limevimba, maumivu ya kuja na kuondoka, na matapishi ya kijani. Kinena kilikuwa kitupu, nilikiangalia mara mbili. Dokta wetu, kijana makini aliyesikiliza kabla ya kusema, aliagiza picha ya eksirei ya kusimama. Jenereta ilikubali. Kwenye picha hewa na maji vilipangana kama ngazi.

“Makovu ya zamani,” akasema. “Hana homa, tumbo ni laini, mapigo si mabaya. Tunampumzisha. Mpira, seramu, hakuna kula. Tunamwangalia kila mara. Akitoa hewa, tumepona.”

Nami ningesema vivyo hivyo. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ya Uvira siku hizo haikupitika, kwa hiyo hatukuwa na mahali pa kumsukumia. Ilikuwa sisi na tumbo lile.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ziara ya wodi. Mama Esperance alijua Kirundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi. Dokta akamwita Ezekieli atafsiri. Akaja hadi mlangoni, kofia mkononi, macho sakafuni.

“Muulize kama ametoa hewa kwa chini,” akasema Dokta.

Ezekieli akasema maneno machache kwa Kirundi, akiiambia sakafu. Mama Esperance akatikisa kichwa kukubali, tena akatabasamu kidogo.

“Ndiyo, Dokta.”

Wodi nzima ilipumua. Dokta akaagiza mpira ufungwe tuone kama atavumilia, na kama hakutapika apewe maji kidogo jioni. Kila mmoja wetu aliona kichwa kile kikitikisika.

Kabla ya saa za chakula nilipita kumtazama. Alikuwa amelala kimya, jambo ambalo asiyejua angelipenda. Hakujikunja tena. Nikamshika mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia. Nikahesabu mara ya pili, yakawa yanakimbia zaidi, na sikuweza kujua kama ni yake au ni yangu. Nikaweka kipimio cha Papa Wilondja tumboni, juu, chini, kulia, kushoto. Nikangoja. Nikafikiri bomba limepasuka, nikalisikiliza tumbo langu mwenyewe, likajibu. Nikarudi kwake.

Tumbo lilikuwa limenyamaza.

Nilifungua mpira palepale, maji yakatoka mengi, rangi ya matope na harufu ya choo. Nilimwita Dokta huku nikitembea kwa hatua za kawaida, kwa sababu muuguzi akikimbia wodi nzima hukimbia naye. Dokta alimgusa tumbo, naye mama akalikaza kama ubao. Uso wa Dokta ulibadilika.

“Maumivu haya hayaondoki tena,” akasema taratibu. “Lakini alitoa hewa. Mama Riziki, alitoa hewa, sivyo? Kama ilitoka, kuna kitu kingine hapa. Kama haikutoka, utumbo umenyongwa na tumechelewa. Mimi naita watu wa bloc waandae chumba cha upasuaji. Wewe nitafutie ukweli.”

Nilimkuta Ezekieli jikoni kwa walinzi wa wagonjwa, anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri bila yeye.

“Ezekieli, mabukwe yako alitoa hewa?”

“Alitoa, mama.”

Bei ya kwanza. Nikavuta jiwe, nikakaa kama mtu asiye na haraka.

“Ulisikia?”

“Alitikisa kichwa. Beye bote baliona.”

“Kichwa niliona. Mi nakuuliza: weye ulimuuliza neno gani?”

Akapuliza moto. Majivu yakampanda usoni.

“Nilimuuliza kama alilala muzuri.”

“Ezekieli!”

“Mama, unisikie.” Alisimama, akakaa tena. “Mabukwe hakuli mbele yangu. Hata maji, anageuka njo anakunywa. Jana sikupanda ile pikipiki ju ya kuogopa kumugusa. Sasa mi nimuulize ile neno, mbele ya bamama, mbele ya Dokta? Kisha nitamuangalia wapi?”

“Na akikufa, utamuangalia wapi?”

Nilijuta neno hilo kabla halijafika. Kijana alishika kichwa kwa mikono yake yenye majivu. “Usiseme vile. Esperance hana mutu mwingine. Bote balibakia kule. Iko na mama tu. Nitaingiaje kwa nyumba bila mama?”

Nilirudi wodini, nikainama kwa jirani wa kitanda cha pili, mama wa Kirundi aliyevunjika mguu, nikamwomba aulize yeye. Hakuzunguka. Waliongea mfululizo, mama kwa mama. Kisha akanigeukia.

“Anasema tangu pikipiki hakuna kitu imetoka, wala hewa. Anasema na ile maumivu, mbele ilikuwa inaenda inarudia. Sasa imejenga nyumba.”

“Mwambie Dokta anataka kumpasua sasa hivi. Anakubali?”

Mama Esperance alisikiliza akiwa amefumba macho. Alijibu kwa sauti ndogo, na jirani, katikati ya woga ule wote, akacheka.

“Anasema mupasue. Ila mukwe asibebe machela.”

Walinzi wa wagonjwa wengine wawili walimbeba. Ezekieli alisimama nyuma ya jiko hadi machela ilipopita.

Katika hospitali yetu muuguzi wa wodi asubuhi ndiye wa bloc mchana, kwa hiyo nilinawa nikavaa. Nilihesabu vitambaa vya kufutia damu kwa sauti, nikahesabu tena. Dokta alipofungua, utumbo ulijitokeza umejaa, unang’aa, na chini yake, kutoka kwenye kovu la zamani, kulikuwa na uzi mmoja wa nyama, mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Kitu hicho tu. Kipande cha utumbo kilikuwa kimepita chini yake na kujinyonga. Kilikuwa cheusi.

Dokta aliukata uzi. Haukuwa na ukaidi wowote, ulikatika kwa mkasi mmoja.

“Vitambaa vya moto,” akasema.

Nilivichovya kwenye maji ya chumvi yenye joto, tukauzungushia utumbo ule, tukafunika. Halafu hakuna la kufanya. Hapa ndipo mtakapojua ninyi ni watu gani. Ukikata utumbo ulio hai, umemtia mgonjwa hatari ya bure. Ukiacha uliokufa, utapasuka ndani yake na hutamwona tena. Kwa hiyo unangoja uone rangi. Jenereta ilikohoa mara moja, taa ikafifia, ikarudi. Nilimfikiria binti aliyekaa Lusenda na kichanga kifuani, anatazama kila pikipiki inayoingia kambini.

Dokta alifunua. Bado ni cheusi. Akafunika.

“Ongeza moto.”

Nikaongeza. Midomo yangu ilikuwa inasali chini ya barakoa na inajadiliana bei, kwa sababu ndivyo ninavyojua kusali: Mungu, chukua huo uzi, chukua na jenereta ukitaka, hiki kipande tuachie.

Alipofunua tena, pembeni kulikuwa na rangi kama ya zambarau. Nilidhani ni macho yangu. Tukangoja. Zambarau ikasogea, ikawa nyekundu ya giza, na kwenye ukingo wake mshipa mdogo ukaanza kudunda. Dokta aliugusa utumbo kwa kidole, nao ukajikunja taratibu, kama mtu anayeguswa usingizini.

“Iko hai,” akasema, kwa Kiswahili cha kwao nyumbani, akisahau kile cha shule.

Kabla hajafunga nilihesabu vitambaa. Kikapungua kimoja. Nikahesabu tena, nikasema kwa sauti: “Dokta, hufungi.” Naye hakubisha, akaanza kutafuta tumboni kwa mikono yote miwili. Kitambaa kilikuwa kimeganda chini ya kandambili yake ya plastiki. Sikumcheka. Nilicheka wiki iliyofuata, nikiwa nyumbani, peke yangu, hadi nikalia.

Mtadhani woga uliishia hapo. Baada ya upasuaji tumbo hunyamaza tena, kwa haki yake, linapumzika. Lakini kimya cha kupumzika na kimya cha kuoza havina sauti tofauti. Kila nilipopita niliweka sikio. Kila nilipoweka sikio sikusikia kitu. Nilimshika mkono, nikahesabu, nikahesabu. Yule jirani wa mguu uliovunjika ndiye aliyekuwa anauliza lile swali sasa, na kila jibu lilikuwa hapana.

Ezekieli naye alikuwa na mzigo wake. Alinieleza kwamba kwao mkwe akishavunja haya anatafuta kuku wa kumwomba mabukwe msamaha, na yeye alikuwa ameyataja mambo ya mabukwe kwangu waziwazi, jikoni, na wodi yote ikajua. Aliondoka, akarudi na kuku mwekundu mwenye hasira, akamfunga kwenye nguzo ya jiko.

“Atakula lini, mama?”

“Mchuzi tu, tena uliochujwa. Na si kabla hajatoa ile.”

“Ile,” akasema, akitazama kuku.

Kuku akabaki kwenye nguzo. Akalia kila asubuhi. Wamama wa jikoni walianza kumtania Ezekieli: “Eh, mukwe! Kuku yako iko inanona, inakushinda!” Alicheka nao kwa mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha. Akamtupia kuku makombo ya ugali wake mwenyewe, na nadhani hakuwa anakula mengine.

Halafu siku moja nilikuwa kwenye kabati la dawa nahesabu sindano. Nilikuwa kwenye hesabu ya pili. Nikasikia kitu ambacho nilidhani ni kiti kinavutwa sakafuni. Halafu yule jirani wa kitanda cha pili akapiga kigelegele kimoja kirefu, akiwa amelala chali na mguu wake juu, na wodi nzima ya wamama ikamwitikia, wengine bila kujua wanaitikia nini. Mama Esperance alikuwa amejifunika kikwembe uso mzima, mabega yanatikisika. Nilipokifunua nilidhani nitakuta analia. Alikuwa anacheka, ameshikilia mshono.

Niliweka kipimio. Tumbo lilikuwa linaongea kwa sauti nzito, ya polepole, kama watu wazima wanaorudi shambani. Nikasikiliza mara ya pili, si kwa sababu ya shaka.

Basi, wanangu, ninachowaachia ni hiki: kabla hujapitisha swali kwa mdomo wa mtu, uliza kwanza huyo mtu ni nani kwa mgonjwa. Mtoto atauliza. Dada atauliza. Mama wa kitanda cha jirani atauliza na kuongeza maswali yake. Mkwe, hata ukimwekea bunduki, atauliza habari za usingizi.

Nilitoka nje kumwambia. Ezekieli alikuwa tayari amesimama kwenye ngazi, mikono nyuma, anatazama mbali kuelekea ziwani kama mtu aliyepita tu.

“Mama Riziki,” akasema bila kugeuka, “bamama banapiga vigelegele ju ya nini?”

“Weye unafikiri ni ju ya nini?”

“Mi sijui kitu, mama.”

Alipoleta mikono mbele kunisalimu, ilikuwa imejaa manyoya mekundu hadi kwenye viwiko.